Nyimbo Zina Wenyewe

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri filamu fupi za Ukambani. Si za kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Ni filamu za dakika kumi au ishirini kuhusu mabwawa ya mchanga ya Kitui, maembe ya Makueni, ndengu za Mwingi, akina mama wanaosuka vyondo. Wanaozigharamia ni mashirika, makanisa, vyama vya ushirika, na mara nyingine kaunti yenyewe. Picha hatuzihangaikii sana, kwa maana watu wa kwetu hawaogopi kamera. Taabu huanza tukifika kwenye muziki. Mwenye filamu anataka mlio wa nyumbani, gitaa la benga liingie pale maji yanapochotwa mchangani. Tunalitia, linapendeza, kila mtu anatikisa kichwa. Kisha filamu ikikaribia kutoka, mfadhili anaandika kutoka Ulaya akiomba barua: wimbo huu ni wa nani, na iko wapi idhini yake?

Swali hilo limenizungusha vilima na mabonde, kutoka Mbooni hadi Mutomo, na limenionyesha jambo ambalo semina za hakimiliki hulipita haraka. Kwetu kulipa si kugumu. Kugumu ni kumpata wa kulipwa.

Chukua santuri ya zamani, ile ndogo ya nyimbo mbili, moja kila upande. Wengi wanaokusanya santuri huitazama kama urembo wa ukutani. Mimi huanzia kwenye ile karatasi ya duara katikati. Juu pana jina la lebo. Chini yake jina la wimbo, kisha kwenye mabano jina la mtunzi, halafu jina la bendi, na pembeni nambari ya santuri. Ukingoni, kwa herufi za kusomwa na mwenye macho mazuri, pana onyo kwamba ni marufuku kunakili, kupiga hadharani wala kutangaza redioni bila idhini. Karatasi hiyo ndogo ndiyo ramani. Yule wa kwenye mabano ana haki ya utunzi. Walio nyuma ya jina la bendi wana haki ya walichokipiga na kukiimba. Na mwenye lebo kwa kawaida ndiye mwenye haki ya sauti iliyorekodiwa. Haki tatu kwenye kitu kinachotoshea kiganjani, na kila moja ina saa yake.

Wakenya wengi husema wimbo wa marehemu ni wa wote. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haisemi hivyo. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 zaidi, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Sauti iliyorekodiwa inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kakai Kilonzo, yule wa Kilimambogo Brothers aliyeifanya benga ya Ukambani isikike nchi nzima kwa Kiswahili na Kikamba, alifariki mwaka 1987, hata miaka arobaini hakufika. Kwa hiyo tungo zake zina wenyewe hadi mwisho wa mwaka 2037. Sauti aliyoirekodi mwaka 1985 ulinzi wake unakoma mwisho wa 2035. Katikati hapo pana miaka miwili ambayo mtu atakuwa huru kuitumia sauti yenyewe, lakini utunzi uliomo ndani bado una mwenyewe. Mhariri asiyejua hesabu hii ataruka akidhani amevuka mto, kumbe amefika kisiwani.

Wimbo ulionifundisha zaidi haukuwa wake. Ulikuwa wa bendi ndogo ya Makueni ya katikati ya miaka ya themanini, ambayo vijana wa leo hawaijui ila wakisikia solo lake wanasema, aa, hii niliisikia kwa harusi ya shangazi. Shirika moja la maji liliutaka kwa filamu ya bwawa. Jina la lebo lilitupeleka Nairobi, River Road, ambako bendi za Ukambani zilikuwa zikipanda basi asubuhi, zikarekodi mchana na kurudi usiku. Duka la lebo ile sasa linauza vifuniko vya simu. Lakini mtoto wa mwenye lebo tulimpata, na kwa bahati alikuwa amehifadhi daftari la baba yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali methali hiyo inapotimia kama kwenye muziki. Daftari lile lilikuwa la jalada jeusi, limeliwa na mende pembeni. Kila siku ya kurekodi ilikuwa na ukurasa: jina la bendi, nyimbo zilizorekodiwa, majina ya waliokuwapo, na pesa alizopokea kila mmoja pamoja na sahihi. Wapiga ridhimu na besi kiasi kile kile. Mpiga solo zaidi kidogo. Mwimbaji zaidi ya wote. Mpiga ngoma alitia dole gumba.

Mtoto wa mwenye lebo alikuwa na hakika kwamba baba yake "alinunua wimbo." Ndivyo walivyozungumza wakati ule, na ndivyo wengi wanavyozungumza hadi leo. Wakili aliyetusaidia alilisoma daftari taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akatuuliza swali moja: ni wapi palipoandikwa kwamba mtunzi ameuhamisha utunzi wake? Hapakuwapo. Palipoandikwa ni malipo ya kurekodi. Kwa sheria yetu, kumhamishia mtu hakimiliki, au kumpa leseni ya kuitumia yeye peke yake, ni lazima kuwe kwa maandishi yenye sahihi ya anayetoa. Leseni ya kawaida, isiyomzuia mwenyewe kuwapa wengine, inaweza hata kutolewa kwa mdomo. Ila kuuza hakuuziki kwa mdomo. Basi lebo ilikuwa na sauti yake, na utunzi ukabaki kwa mtu wa kwenye mabano. Mtoto yule hakufurahi, lakini alikuwa mwungwana. Alitia sahihi kwa kilicho chake, na akatuelekeza kijiji cha mtunzi.

Mtunzi alikuwa ameshafariki. Mjane wake anaishi vilima vya Mbooni, mahali ambapo gari linaacha barabara na boda linamalizia. Tulimkuta anachambua kunde. Alitukaribisha, akaagiza chai, akasikiliza maelezo yetu yote bila kutukatiza. Halafu akauliza:

"Mwanangu, redio inaupiga wimbo huu kila Jumapili. Mbona wao hawajawahi kuja kuniuliza?"

"Mwaitu, redio hulipa chama, nacho chama ndicho kinachogawia wenye nyimbo."

"Chama kipi? Mzee wangu alikuwa ndani?"

Hatukujua. Tulitafuta kwenye sanduku la makaratasi: kadi ya kliniki, risiti za ada za shule, picha ya bendi wamevaa suruali pana, lakini kadi ya uanachama haikuwapo. Ndipo nilipofahamu kwamba swali lake lilikuwa na uzito kuliko letu.

Utaratibu wenyewe kwenye karatasi si mbaya. Redio, hoteli, baa, matatu na ukumbi haviwezi kumtafuta kila mtunzi, kwa hiyo vinalipa leseni kwa vyama vya kukusanya mirabaha. Watunzi walikuwa na MCSK tangu mwaka 1983. Baadaye wakaja PRISK kwa ajili ya waimbaji na wapigaji, na KAMP kwa ajili ya wenye rekodi. Juu yao imekaa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, inayotoa leseni kwa vyama hivyo na kuviangalia. Kilichotokea baada ya hapo wanamuziki wote wanakijua. Mwaka 2017 MCSK ilinyimwa leseni na chama kingine, MPAKE, kikapewa. MCSK ikarudi, na mwaka 2019 ikawagawia wanachama wake shilingi 2,530 kila mmoja, mwenye wimbo unaopigwa kila saa na mwenye wimbo uliosahaulika, sawasawa. Kelele iliyofuata ilistahili. Ila mgao ule, hata ungekuwa wa haki kiasi gani, usingefika Mbooni, kwa sababu hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mama yule ni mrithi wa wimbo ule.

Urithi nao una mambo yake. Hakimiliki hurithiwa kama mbuzi au mashine ya kushona: ni mali inayohamishika. Mzee alikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya pili ilikuwa Kibwezi, na mkubwa wa nyumba ile alikuwa amesikia habari zetu kabla hatujafika; simu hukimbia kuliko gari. Tulikaa kikao kimoja chini ya mwembe, nyumba zote mbili na mzee wa kijiji, tukasoma makubaliano kwa Kiswahili na kuyaeleza kwa Kikamba. Filamu gani. Sekunde ngapi za wimbo. Itaonyeshwa wapi: mikutano ya kaunti, runinga, mtandaoni. Kwa miaka mingapi. Kwamba si leseni ya peke yetu, na kesho wakitaka kumpa mwingine wana uhuru. Kwamba jina la mtunzi litaandikwa mwishoni kama lilivyoandikwa kwenye santuri. Kiasi gani, na kitatumwa kwa M-Pesa ya nani. Kipengele hicho cha mwisho kilichukua muda kuliko vyote vingine pamoja.

Nilidhani tumemaliza. Hapo mmoja wa wajukuu akataja mpiga solo.

Yeye yu hai, ana posho mill upande wa Kathonzweni, na hakuwa na haja ya kubembelezwa ili aseme lake. "Maneno ni ya yule bwana, Mungu amrehemu," alisema akipangusa unga mikononi. "Lakini bila solo langu huo wimbo ni tangazo la mazishi." Nilicheka, kisha nikawaza, na kadiri nilivyowaza ndivyo nilivyoona ana hoja. Ukiujua muziki wa Ukambani unajua kwamba mwimbaji akishamaliza ubeti, gitaa la solo huchukua wimbo likaenda nao, na watu husimama kucheza hapo hapo, si kwenye maneno. Mtindo wa santuri kuweka jina moja kwenye mabano, kwa kawaida la anayeimba na kuongoza bendi, uliwanyima wapiga solo wengi sifa na pesa. Sheria inajua kazi iliyotungwa na zaidi ya mtu mmoja, na hapo miaka 50 huanza kuhesabiwa baada ya kufariki wa mwisho wao. Pia inampa mpigaji haki yake mwenyewe juu ya alichokipiga. Kama solo lile ni utunzi au ni upigaji, hilo lingeweza kupelekwa mahakamani Makueni na kukaa huko hadi sisi sote tuwe na mvi. Tulimwandikia makubaliano yake tofauti, akalipwa, na jina lake likaingia mwishoni mwa filamu. Familia ya mtunzi haikupinga. Mjane alisema tu kwamba hata mzee wake angekubali, ila angemwita mwenye majivuno kwanza.

Filamu ile ilipotoka tuliiweka mtandaoni, na kabla juma halijaisha ikaja taarifa kwamba muziki wake unadaiwa na kampuni fulani ambayo hatukuwahi kuisikia. Kumbe mtu alikuwa amekusanya nyimbo za zamani kutoka kwenye kaseti, akazipeleka kwa msambazaji wa mtandaoni kana kwamba ni zake, na mashine ya kutambua sauti ikawa inampelekea yeye kila senti ya matangazo. Tulituma nakala za makubaliano yetu, dai likaondolewa. Bila karatasi zile tungenyamaza. Najua filamu nyingi za Ukambani ambazo zinamchumia mapato mtu asiyewahi kushika gitaa, kwa sababu tu aliwahi kujiandikisha na wenyewe hawakuwahi.

Nirudi kwenye leseni za vyama, kwa kuwa hapa ndipo wapiga picha wengi wa Wote na Kitui mjini wanapojikwaa. Kijana anayepiga video za harusi hukuonyesha risiti ya ukumbi na kusema, "Mkuu, muziki umelipiwa." Kweli umelipiwa, kupigwa pale ukumbini. Kuuchukua wimbo na kuubandika kwenye picha, ukawa sehemu ya filamu, ni ruhusa nyingine, na ruhusa hiyo iko kwa mtunzi au mchapishaji wake, pamoja na mwenye rekodi. Nchi nzima ilipewa somo hili Mei 2022. Kampeni ya muungano wa Azimio ilitumia wimbo "Extravaganza" wa Sauti Sol kwenye video iliyohusu kutangazwa kwa mgombea mwenza, na kundi lile likatoka hadharani kusema kwamba halikuombwa wala halikutoa leseni ya wimbo wao kutiwa kwenye picha. Watu wengi mitandaoni waliona ni kiburi cha wasanii. Mimi niliona ni mara ya kwanza kwa jirani zangu kujadili kwenye matatu tofauti kati ya kupiga wimbo na kuutia kwenye filamu, na nilishukuru. Pale hapakuwa na suala la pesa tu. Mtu akiweka wimbo wako chini ya picha ya mwanasiasa amekusemea jambo ambalo hukulisema. Ndiyo maana sheria humpa mtunzi haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa, na haki hizo anabaki nazo hata kama ameuza nyingine zote.

Wengine huona njia rahisi ni kuagiza wimbo mpya. Nami naipenda njia hii, kwa sababu pesa zinaingia mikononi mwa kijana wa hapa hapa. Ila ina mtego ambao unawaumiza vijana hao hao. Kwa sheria ya Kenya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Kijana mmoja wa Kitui mjini, mwenye kinanda na kompyuta kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, alitengenezea shirika moja muziki wa filamu ya ndengu. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba alitaka kuuongezea maneno na kuutoa kama kibao chake mwenyewe, auweke pia kwenye Skiza, huduma ya milio ya simu. Skiza si pesa ya kudharau: marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanataka msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Mkataba aliotia sahihi ulikuwa ukurasa mmoja. Ulitaja malipo na tarehe, haukutaja hakimiliki hata kwa neno moja. Kunyamaza kwa karatasi kulilipa shirika kila kitu. Kwa bahati mkurugenzi wake alikuwa mwelewa, akamwandikia barua ya kumrudishia. Tangu siku hiyo hakuna mkataba wa muziki unaopita mezani kwangu bila sentensi hii: haki zote za wimbo zinabaki kwa mtunzi, na shirika linapewa leseni ya kuutumia kwenye filamu iliyotajwa. Mashirika karibu yote hukubali. Hayahitaji kumiliki wimbo. Yanahitaji tu yasishtakiwe.

Na kuna muziki wa bure. Sitausema vibaya sana, umeokoa bajeti nyingi. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, zimewapa watu wa dunia nzima njia ya kusema mapema: tumia, ila nitaje, tumia, ila si kwa biashara, tumia, ila usibadilishe. Tatizo ni kwamba wahariri wetu husoma neno "tumia" na kufunga ukurasa. Ile yenye sharti la kutobadilisha haifai kabisa kwa filamu, kwani kwa masharti ya leseni zenyewe kuoanisha muziki na picha kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Na ile isiyo ya biashara itakuletea maswali siku ambayo runinga itaitaka filamu yako ipite kati ya matangazo. Zaidi ya yote, nina ugomvi wa ladha. Nimeona mama wa Ikutha akishuka mtoni na punda wanne, jua la saa saba limewaka, na nyuma yake inalia ukulele ya furaha iliyopigwa na mtu wa huko mbali akiwa chumbani mwake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ni upuuzi tu.

Tukio ambalo sijalimaliza kichwani lilitokea kusini mwa Kitui, na halikuhusu santuri wala mkataba wa kawaida. Tulikuwa tunarekodi kikundi cha akina mama wacheza kilumi, ngoma ya wazee inayohusu mvua, uponyaji na mizimu. Wengi wao walikuwa ni susu, yaani nyanya wa watu, wamejifunga leso kiunoni, ngoma kubwa zimelazwa juani zikaze ngozi. Walitupigia nyimbo kadhaa. Ilipofika moja, kiongozi wao aliinua mkono na kutuambia tuzime kamera.

"Hii mtaisikia," alisema. "Hamtaibeba."

Prodyuza wetu, kijana wa Nairobi, alinong'ona kwamba wimbo wa jadi hauna mwenyewe, mtunzi wake hajulikani, na miaka hamsini imepita zamani. Alikuwa amesoma sheria moja akaacha nyingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mirabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni. Inasema haki hizo ni za jamii, kwamba anayetaka kuzitumia apate kwanza kibali cha jamii kilichotolewa kwa kuelewa, na kwamba kila serikali ya kaunti iwe na sajili ya mambo hayo. Ulinzi wake hauhesabu miaka baada ya mtu kufariki. Mwenye wimbo ule alikuwa amesimama mbele yetu, na alikuwa amesema hapana.

Tulizima kamera. Waliuimba. Sitaueleza ulivyokuwa, kwa sababu hata kueleza ni namna ya kuubeba.

Kwa nyimbo walizoturuhusu tuliandika makubaliano na kikundi, si na mtu mmoja, na pesa zikaingia kwenye akaunti ya kikundi. Tuliandika pia kwamba sauti zile zisikatwe na kutiwa kwenye muziki mwingine bila wao kuulizwa tena. Sharti hilo walilileta wao wenyewe. Mjukuu wa mmoja wao alikuwa amesikia sauti za kikundi jirani ndani ya mchanganyiko wa didijei kwenye kilabu, katikati ya nyimbo za matusi, akarudi nyumbani kuwasimulia. Susu hawakuhitaji wakili kujua kwamba pale pana kosa.

Nikitazama nyuma, katika kazi zote hizo sikukutana na mtu aliyetaja bei ya kuvunja filamu. Mjane wa Mbooni na nyumba ya Kibwezi waligawana shilingi elfu thelathini, na mpiga solo akapata yake pembeni. Mfadhili alitumia zaidi ya hizo kukodi ndege ndogo ya kupiga picha kutoka angani, picha ambazo tulizikata nyingi. Kilichogharimu kweli ni mafuta ya gari, simu, na siku zilizopotea tukiulizia jina ambalo lingekuwa limeandikwa mahali tangu mwanzo. Ndiyo sababu siwalaumu sana wahariri wanaoiba muziki kama ninavyolaumu kukosekana kwa orodha. Mhariri mwenye muda mfupi na bajeti ndogo akikosa wa kumpigia simu, ataiba au atachukua ukulele.

Kaunti za Kitui na Makueni zina idara za utamaduni, na sheria ya 2016 imeziagiza ziwe na sajili. Zisiishie kwenye tamasha la siku moja lenye mahema na tisheti. Ziwatume vijana wenye simu vijijini waandike vikundi vya kilumi ni vipi, viongozi wake ni nani, nyimbo zipi ziko wazi na zipi hazibebwi. KECOBO nayo ina sajili yake, siku hizi hata mtandaoni. Hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili iwepo, lakini mjane mwenye cheti hahitaji kumsubiri mtu kama mimi aje na daftari la River Road.

Na wewe msomaji, kama baba au babu yako aliwahi kupiga gitaa kwenye bendi, tafuta santuri au kaseti hiyo leo. Piga picha karatasi ya katikati, pande zote mbili. Andika waliopiga solo, ridhimu, besi na ngoma wakati bado yupo wa kukuambia. Itisha kikao cha familia mkubaliane nani atatia sahihi na simu ya nani itapokea. Kisha wapeni jina na namba hiyo chama cha mirabaha, redio inayoupiga wimbo wenu, na ofisi ya utamaduni ya kaunti.